Mbuzi Kumi na Wawili wa Mahari na Sindano Yangu

Naona haya hata kusimulia, lakini kwa kuwa Bwera nzima inajua, bora mnisikie mimi mwenyewe kuliko watu wa stendi ya boda, ambao wameshaongeza chumvi.

Mimi ni daktari wa mifugo (sawa, msaidizi wa daktari, msianze), na mahari ya mchumba wangu Biira ilikuwa mbuzi kumi na wawili kama kawaida yetu Wakonzo, ila mimi nikataka kuwapelekea wakwe huko Karambi mbuzi wenye mimba wote, wazae wiki moja, mzee aseme huyu kijana amesoma, basi Alhamisi asubuhi nikawadunga wote prostaglandini ili waingie kwenye joto, yaani watake dume, pamoja na Jumamosi niwaletee beberu wa jirani, maana siku ya kutoa mahari ilikuwa bado wiki mbili. Ijumaa baba yake Biira akapiga simu: shangazi yake Biira aliyetoka Butembo anarudi kwake Jumapili, kwa hiyo tuje kesho. Mtu mwenye akili angekataa. Mimi niliogopa kumpoteza Biira, nikasema sawa, tata (ndivyo tunavyomwita baba).

Kumbe mzee anafuga mabeberu wanne.

Msemaji wetu alikuwa katikati ya kuusifu ukoo wetu kwa adabu wakati mbuzi walipoanza kulia na kutikisa mikia na kupandana wenyewe kwa wenyewe, mabeberu wakakata kamba, hema likaangukia keki na katekista, na shangazi wa Butembo akajifunika uso kwa kitenge (jicho moja aliliacha nje, nilimwona).

"Hii mbuzi iko na ugonjwa gani?" akauliza. "Inafanya nini mbele ya batu?"

Kwa desturi bwana harusi hukaa kimya. Mimi nikasimama. Nikasema si ugonjwa, ni mafuta: kwenye utando wa seli mna asidi ya mafuta, mwili ukitaka kutuma habari kimeng'enya kimoja kinaing'oa, kingine kinaanza kuigeuza mpaka inakuwa prostaglandini, nayo inafika kwenye ovari na kuiambia hakuna mimba, anza upya, mimi nimeupeleka tu ujumbe huo kwa sindano, tena hata wanawake wanayo, ndiyo inayowaumiza tumbo kila mwezi. (Kidole changu kilikuwa kinamwelekea mama mkwe. Mungu anisamehe.)

Vijana walikuwa wamewafunga mabeberu kabla hawajafaidi chochote. Mzee akasema polepole, "Chukua mbuzi yako. Rudi nayo baada ya wiki tatu, ikishatulia."

Moyo ukanirudi, maana hakunikataa. Ningeinama tu na kushukuru. Lakini mdomo huu ukasema, "Tata, wiki tatu ndiyo siku yenyewe joto linarudi."

Kisha sauti ya Biira ikatoka ndani ya nyumba, "Tata, mupe wiki mbili. Na yeye asiongee."

Nilirudi baada ya wiki mbili, nikakaa kwenye kiti kama gunia la mihogo, nikaozwa. Tangu hapo wakwe wakiniuliza hata habari za kuku anayekohoa, nasema sijui.