Bibi Aliyezaliwa Baada ya Mwanawe

Pale Uyole msiba ukikupata, kwanza unatafuta jeneza, halafu unamtafuta Verediana. Miaka thelathini sasa ndiye anayechapa wasifu wa marehemu, ule unaosomwa makaburini, na kila aliyepita mikononi mwake amekwenda ardhini akiwa mcha Mungu, hata wale waliojulikana na kila muuza pombe ya komoni. Alijivunia jambo moja: hakosei. Huweka rula mbele ya kioo cha kompyuta na kuishusha mstari kwa mstari. Akishahakiki hapo, hasomi tena karatasi iliyochapwa.

Ndiyo maana ile Jumamosi alitamani afukiwe yeye. Msomaji alisimama akatangaza kwamba marehemu, mama yake mzee Jailos wa mashine ya kusaga, alizaliwa mwaka 1983, na ameacha mtoto wa kwanza, Jailos mwenyewe, mwenye miaka sitini na tisa. Watu wakaanza kukohoa. Kisha mmoja akashindwa kujizuia, na makaburini kukawa na kicheko.

Verediana aliamini macho yake ndiyo yenye makosa. Tangu anunue kompyuta mpya, miezi minne nyuma, maandishi yalikuwa na ukungu. Kalinga, fundi aliyemwekea Linux, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, alipolalamikiwa alimjibu bila hata kuinua kichwa: "Mama, huo ni umri." Akanunua miwani barabarani, kisha mingine mikali zaidi. Sasa aliamua kuacha kazi, na ilimuuma, maana hakuna kingine alichokijua.

Jumatatu alikaa kuchapa tangazo la kufunga ofisi, miwani ameisahau nyumbani. Kwa mazoea akaweka rula. Akaona vistari vya milimita, kimoja kimoja. Juu yake herufi zilikuwa kama zimemwagiwa uji. Lakini pembeni mwa kioo hicho hicho, saa ilisomeka vizuri kabisa.

"Macho gani haya yanayochagua?" alisema. Akabeba kompyuta na rula mpaka kwa Kalinga.

"Soma hapa. Haya, soma na saa. Na wewe ni umri?"

Kalinga akajikuna kisogo. Siku ile alipoweka mfumo, maandishi yalikuwa madogo mno, naye akakuza kila kitu hadi asilimia mia na ishirini na tano. Programu ya kuchapia, kwa kuwa ni ya zamani, haikijui kipimo hicho: inajichora kwa saizi yake ya kawaida, halafu mfumo unaivuta ienee.

"Ndiyo maana inafifia, mama."

Akafungua mipangilio, akachagua programu za zamani zijikuze zenyewe, akaifunga ile programu na kuifungua upya. Herufi zikasimama wima, nyeusi.

"Miwani nitakuletea kesho," alisema Verediana. "Utavaa wewe."

Kisha akafungua wasifu wa bibi. 1983, safi kabisa. Kidole kilikuwa chake, hilo hakuweza kumbebesha Kalinga, na aibu ikamrudia upya. Akarekebisha ikawa 1933, akachapa nakala moja, safari hii akaisoma kwenye karatasi, akampelekea mzee Jailos.

Mzee aliisoma polepole, akaikunja na kuiweka ndani ya Biblia.

"Afadhali, dada," alisema. "Sasa mama amenizaa."