Mashine ya Kung'arisha Picha ya Koito

Namtaja Kirui, muuza redio wa Kapkatet, na kama hapendi aje tuonane. Bonasi ya majani chai ilipotoka nilitaka spika za sebuleni tu. Akaniambia, "Mzee, chukua hii ampu ya kukuza sauti ya spika, ya bei ya juu. Inageuza picha ya zamani inakuwa safi kama ya leo." Mke wangu, Mama Chepkoech, alikuwa anangojea hiyo bonasi anunue tangi la maji. Nikamwambia angoje tena, mjinga mimi.

Jumapili wakwe wakaja chai. Nikaweka diski ya koito, ile siku walikuja kumwomba msichana wetu. "Mnaona ilivyong'aa?"

"Imeng'aa kweli, baba."

Kwetu nani atabishana na baba ya msichana ndani ya nyumba yake? Heshima yao nikaimeza kama ukweli, nikazidi kujisifu. "Sasa nitazima mashine, muone vile picha ilikuwa mbaya."

Nikazima. Sauti ikakatika. Picha ikaendelea vile vile, safi, shangazi yangu akicheza bila wimbo. Nikachungulia nyuma. Waya ya picha ilitoka kwa deki ikaenda moja kwa moja kwa tivi. Kumbe tivi ndiyo ilikuwa ikiing'arisha picha yenyewe, na Kirui alijua, maana ni yeye aliunga hizo waya!

Wakwe wakaangalia vikombe. Mama Chepkoech akasema polepole, "Baba Chepkoech, washa tu. Wacha wageni wasikie tangi langu likiimba."