Uso wa Fimbo ya Gofu

Leo nimenusa mpini wa raba wa baiskeli ya mwanangu, umelainika kwa jua, nikajiona niko ufukweni tena, nimeshika fimbo ya gofu yenye mpini wa raba kama huo, iliyoachwa na mgeni kwenye nyumba aliyolinda baba. Kila mpira niliopiga ulikwenda kulia, baharini. Ukabaki mmoja.

"Mkono wa kike huo," kaka akasema. "Ukipoteza na huu, rudi kakune nazi. Hushiki tena."

Nikainama nikaitazama fimbo. Kaka mwenyewe ndiye aliyenishikisha hivyo, na uso wa fimbo, ule upande unaogonga mpira, ulielekea kulia hata kabla sijapiga. Nikaugeuza ukatazama mbele. Nikapiga kwa mkono uleule. Mpira ukanyooka juu ya mchanga, ukaenda mbali.

"Upepo huo," akasema.

"Kauokote," nikamwambia, "nikuoneshe tena."