Mahindi Yaliyopita Goti

Mume wangu alikufa kwa malaria. Naanza na hilo kwa sababu miaka ile ya vita kufa kwa malaria lilikuwa jambo la kujivunia. Wanaume wa upande wetu, kule nyuma ya mtaa wa Kinama mashamba yanakoanzia, walikufa barabarani, walikufa mitaroni, wengine walizikwa watatu katika shimo moja bila hata shuka. Wangu alikufa kitandani mwake, kichwa juu ya paja langu, akiomba maji. Nikaapa kwamba mtu aliyekufa vizuri namna ile ataliliwa vizuri.

Alikufa Jumanne, Jumatano tukamzika. Kwetu, mkishazika, hakuna mtu wa nyumba ya marehemu anayegusa jembe wala panga mpaka siku ya kupita maji. Siku hiyo ukoo unakwenda kunawa, unarudi, unakunywa pombe ya ndizi, ndipo vyuma vinaruhusiwa kurudi shambani. Ukilima kabla, watu wanasema ulikuwa unangoja afe. Tukapanga maji yawe Jumapili.

Alhamisi shefu wa zoni, mkuu wa eneo letu, akapita na wanajeshi wawili, akipiga filimbi. Tangazo lilikuwa fupi. Toka barabarani mpaka kwenye mitaro ya mpunga, kisionekane kitu kilichopita goti. Mahindi, mihogo, mtama, migomba, vyote chini. Waasi wanajificha humo, alisema. Mwisho Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi wanajeshi wanakuja kuangalia.

Shamba langu lilikuwa limeigusa barabara kabisa. Mahindi yalikuwa yamenipita mimi nikiwa na kofia ya mume wangu kichwani. Yalikuwa bado hayajakauka; ukibonyeza punje kwa ukucha, maziwa yanakurukia usoni. Yalihitaji wiki tatu tu.

Watu waliokuwa kwenye mikeka yangu wakaanza kuinuka. Huyu kasahau sufuria jikoni, yule mbuzi wake hajafungwa. Nilijua wanakokwenda. Ilipofika saa tisa, uwanjani tulibaki watatu: mimi, shemeji yangu, yaani kaka mkubwa wa marehemu, na mke wa mwanangu mwenye mtoto mgongoni. Mwanangu mwenyewe alikuwa amevuka Congo kutafuta kazi, na tangu avuke hatukusikia neno.

"Shemeji," akaanza yule mzee, "tupite maji kesho asubuhi. Mi ndio mukubwa wa ukoo, mi ndio nasema. Mchana tunaingia mu shamba."

"Siku mbili? Hata mbwa yako ulimulilia wiki nzima."

"Mbwa hakukuwa na mahindi."

Nikamgeuzia mgongo. Mke wa mwanangu akaja akachuchumaa mbele yangu, sauti chini, kama mtu anayebembeleza ng'ombe.

"Mama, tuyavune hivi hivi mabichi. Ingine tunachemsha, ingine napeleka soko ya Buyenzi nauzisha, yenye itabaki tunaanika. Huyu mutoto anakula kwangu, na mi nakula kwa ile shamba. Hakuna kingine."

"Utashika panga, na baba yako ana siku moja tu mu udongo?"

"Nitavunja na mikono, mama. Mukono si chuma."

Hapo aliniweza. Na mimi nikiwezwa nakuwa mbaya zaidi.

"Ukiingia mule," nikamwambia, "usirudi mu nyumba yangu."

Mtoto, msichana wa miezi minane, alinitazama juu ya bega la mama yake akinichekea na meno yake manne.

Ijumaa yote tulikaa kwenye mkeka tukisikiliza mapanga ya watu. Mchana ikaja harufu ya mahindi ya kuchemsha, toka kila upande wa ua. Wanawake walipita na vikapu vichwani kwenda sokoni, wakageuza nyuso wasinisalimu, kwa aibu. Mimi niliwahesabu kuwa washenzi. Jioni shamba langu lilikuwa limebaki peke yake, kama jino moja kinywani mwa kikongwe. Nilijivuna. Nilisema moyoni, wakija nitawaambia kuna msiba, nao wana mama zao.

Jumamosi walikuja sita. Mkubwa wao alikuwa kijana mrefu, msafi, mwenye saa mkononi.

"We ndio mwenye hii pori, mama?"

"Ni mahindi."

"Mi naona pori. Mutu anaweza kusimama mule na bunduki yake, hata kofia haionekani."

"Tuko na msiba, mwanangu. Tunapita maji kesho. Nipe siku moja."

"Bwana yako alikufa na nini?"

"Malaria."

Akawageukia wenzake. "Mumesikia? Malaria! Kumbe kungali watu wa kufa na malaria. Huyo alikuwa tajiri!" Wakacheka wote. Halafu akachomoa panga kwa mwenzake, akanishikisha, akanikunjia vidole vyangu juu ya mpini kama unavyomfundisha mtoto kushika kijiko. "Kata. Chini ya goti."

"Goti la nani?" nikauliza. Mdomo wangu haukuwahi kuniogopa.

"Lako, mama. We ni mufupi."

Nikakata. Mke wa mwanangu naye alipewa panga, mtoto mgongoni, akashika mstari wa pili. Shemeji akashika wa tatu, akikohoa. Mahindi mabichi hayalii kama makavu. Yanalala polepole, na maji yake yanakulowesha miguu. Nilipoinama kuokota hindi, yule kijana akalikanyaga.

"Acha hiyo. Si mwisho ilikuwa jana? Leo ni ya serikali."

Mazuri wakayajaza kwenye magunia yao. Mengine wakayakanyaga kwa viatu mpaka yakawa uji. Tulipofika mwisho wa shamba, mke wa mwanangu akaweka panga chini, akajipangusa mikono kwa kitenge.

"Sasa tumegusa chuma, mama," akasema.

Jumapili tulipita maji vilevile. Watu walikuja wameshiba mahindi yao, wakanywa pombe yangu, wakasema marehemu alikuwa mtu mwema.

Baada ya hapo shemeji alirudi kwake, nasi tukala sombe bila mafuta, bila chumvi, majani ya mihogo tuliyookota kwenye visiki vya mihogo ya majirani iliyokatwa. Jirani mmoja alituletea kapu la mahindi yake aliyokuwa ameanika. Nikamrudishia. Mimi sikuwa mwombaji. Mke wa mwanangu aliliangalia lile kapu likienda njiani mpaka likapotea. Maziwa yake yakakauka. Mtoto akaacha kucheka, kisha akaacha kulia.

Nilikuwa na kibuyu cha mbegu za maharage, nimezichanganya na majivu zisitobolewe na wadudu. Nilikilalia kama mto.

"Kiganja kimoja tu, mama," akaniambia. "Nimupikie mutoto maji ya maharage."

"Tukila mbegu, mwezi wa tano tutakula nini?"

"Mwezi wa tano yeye atakuwa wapi?"

Sikumpa. Niseme wazi, sikumpa hata punje. Hesabu yangu ilikuwa ya mkulima: mbegu ile ilitosha shamba zima, na maharage hayapiti goti.

Mtoto alikufa asubuhi moja, tumbo la kuhara, mkono wake mmoja umeshika ziwa tupu la mama yake. Tulimzika mchana. Tukiwa bado kaburini, mvua ya kupanda maharage ikashuka, mvua nzito tuliyokuwa tumeingoja. Udongo ukalainika mara moja.

Kesho yake nilishuka kitandani, nikachukua jembe na kibuyu. Mke wa mwanangu alikuwa amelala chini, amejinyoosha mlangoni toka mwimo mpaka mwimo.

"Leo hakuna chuma, mama."

"Mvua imekuja. Majirani wote wako mu shamba."

"Na ile Ijumaa majirani walikuwa wapi? Ulisema mutu analiliwa. Wangu haliliwi?"

Nilisimama pale na jembe langu. Kumruka mtu aliyelala ni kumtakia asiinuke tena; kwetu hata mtoto mdogo ukimruka unarudi kinyumenyume ili kulitengua. Aliyajua hayo, ndiyo sababu alilala pale. Nikapandisha kitenge, nikainua mguu, nikamruka. Sikurudi kinyumenyume.

Nilipanda peke yangu siku mbili. Hakuna aliyenisalimu. Maharage yakaota, yakafunika vile visiki vya mahindi. Wanajeshi walipita, wakaangalia, wakaenda zao.

Mwezi wa tano nilivuna. Nikayapiga kwa fimbo, nikayaanika mkekani, mengi, mekundu, yanang'aa. Mke wa mwanangu, ambaye tangu siku ile hakuniita tena mama, akatoka ndani na kifurushi chake kichwani. Akachuchumaa kwenye mkeka, akachota kiganja kimoja. Punje mbili zilizomwagika akazirudisha mahali pake. Yale maharage akayafunga kwenye ncha ya kitenge, akashika barabara ya mjini.

Sikumwita. Nilichukua ungo, nikaendelea kupepeta.