Waya Kwenye Boila

Shangazi alinichukia tangu siku nilipomuuliza, mbele ya wageni, ni upepo gani hasa unaoua wanawake waliojifungua.

"Ni huo utakaokuingia mdomoni, profesa," alisema, na wageni wakacheka.

Alikuwa amekuja kwa basi kutoka Meru kumlea dada yangu, ambaye mume wake alikuwa mwanajeshi na alimleta ajifungulie nyumbani kwetu Isiolo. Mama alikuwa amefariki, kwa hiyo shangazi ndiye aliyeshika nyumba. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, shahada ya fizikia, nikingojea barua ya kupangiwa shule ya kufundisha. Barua haikuja, na muda wote huo niliutumia kubisha.

Kwa shangazi, mzazi hapigwi na upepo mwezi mzima. Madirisha yafungwe. Aoge maji ya moto asubuhi na jioni, akandwe mgongo mpaka jasho limtoke. Nilimwambia kwamba wanawake wa Kiborana kule Korbesa wanajifungua katika nyumba zinazopitisha hewa kila upande na watoto wao wanakua. Alisema niende nikaoe huko basi, nimwachie kazi yake.

Nyumba yetu ilikuwa ya serikali, kwa sababu baba alifanya kazi ya mifugo. Iliwahi kukaliwa na ofisa Mzungu, naye alituachia boila ya gesi kwenye ukuta wa bafu. Ilikuwa sanduku la bati jeupe lenye kidirisha, na ndani yake moto mdogo uliokaa ukiwaka siku nzima. Ukifungua maji, moto mdogo unauwasha mkubwa. Kuuwasha ule mdogo kulikuwa na taratibu zake: unabonyeza kitufe, unawasha kiberiti, unashikilia kitufe mpaka kijiti cha shaba kilicho kando ya moto kishike joto, ndipo unaachia. Kijiti kikipoa, chenyewe kinafunga gesi. Baba aliijua boila hiyo kama alivyojua ng'ombe, lakini wiki hiyo alikuwa Oldonyiro kwenye chanjo, na gari alikuwa nalo.

Siku ya pili baada ya yeye kuondoka, boila ikaanza kuzimika. Dada akifika katikati ya kuoga, maji yanakuwa baridi. Nilianza na mtungi wa gesi. Niliumwagia maji ya moto ubavuni nikapapasa ni wapi pamebaki baridi, nikaona gesi bado ni zaidi ya nusu. Nilipaka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira, na halikutoa hata kiputo kimoja. Nilizibua tundu la moto mdogo kwa sindano ya stovu ya mafuta taa, maana vumbi la Isiolo huingia popote. Moto ukawaka vizuri, wa buluu, mlango wa bafu ukiwa wazi nami nikiutazama. Dada alipoingia jioni na kufunga mlango, ukazimika tena.

Shangazi alikuwa amesimama nyuma yangu na mtoto begani. Alisema amesikia kwamba huko chuoni tunafundishwa mpaka mambo ya mwezi na nyota. "Kumbe maji ya kuoga ndiyo hamjafika."

Niliamua kwamba kijiti cha shaba kimezeeka na kinakata gesi bila sababu. Asubuhi nilikata kipande cha waya, nikakifunga kile kitufe kikae kimebonyezwa wakati wote. Moto haukuzimika tena. Sikumwambia mtu nilichofanya. Nilisema tu nimeitengeneza, nikafurahi kumwona shangazi akinyamaza.

Jioni hiyo nilikuwa nje, karibu na mfereji wa maji machafu, nikisoma gazeti la juzi. Maji ya bafu yalikuwa yakitoka kwa mkondo mmoja. Mtu anayeoga kwa kopo, maji yake hutoka kwa vishindo: yanamwagika, yanakatika, yanamwagika tena. Haya hayakukatika. Nilimwita dada kupitia dirishani, hakuitika. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa gunia kutoka ndani.

Nilikimbia ndani. Shangazi alikaa kwenye kigoda mbele ya mlango wa bafu, mtoto mapajani.

"Mwanamume haingii alipo mzazi," alisema.

Nilimwambia dada haitikii. Alisema ndivyo inavyotakiwa, joto limemlegeza. Nikamwambia aingie yeye. Alisema hana kazi ya kubembeleza kiburi changu, na akauegemea mlango kwa mgongo.

Nilimsukuma. Nilimshika bega nikamwondoa mlangoni, na mtoto akilia mikononi mwake, kisha nikaupiga mlango kwa mguu mpaka komeo likang'oka. Dada alikuwa amelala sakafuni, mdomo wazi. Moto ndani ya kidirisha ulikuwa wa njano na bati la juu lilikuwa limeingia masizi. Nilifunga gesi, nikamfunika kwa shuka, nikamburuta mpaka uani.

Alitapika. Kisha akafungua macho na kulalamika kwamba kichwa kinapasuka. Shangazi alimshika mkono huku akinitukana kwa Kimeru, matusi ambayo sikujua anayajua.

Niliporudi bafuni niliona kazi yake. Matundu ya hewa ya chini, yaliyo nyuma ya pipa la maji, yalikuwa yamejazwa matambara na kushindiliwa kwa kijiti. Boila ilikuwa imekula hewa yote ya chumba kile. Siku zote ilipozimika ilikuwa inatuambia hivyo, nami niliifunga mdomo kwa waya.

Niliung'oa waya nikautia mfukoni. Matambara niliyatoa nje nikayatupa miguuni pa shangazi, majirani wawili wakitazama.

"Upepo wako huu hapa," nilimwambia. "Ulitaka kumuua."

Shangazi aliinama akayaokota.

Baba aliporudi baada ya siku mbili alitaka kujua kwa nini mlango wa bafu hauna komeo. Shangazi alisema nilimwinulia mkono. Mimi nikaeleza habari ya matambara, kirefu, na hewa na moshi, kama mwalimu. Baba akamgeukia dada yake kwa hasira ambayo sijawahi kuiona. Dada yangu alikuwa kitandani, mlango wa chumba wazi.

"Na ule waya?" aliuliza kutoka kitandani. "Niliuona nikivua nguo. Nilidhani unajua unachofanya."

Nikasema yote. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua spana, akaifungua boila ukutani akaiweka stoo. Kuanzia hapo maji yalichemshwa uani kwa kuni.

Mwezi ulipoisha shangazi alimuaga mtoto, akamuaga dada, akamuaga baba. Nilimbebea mzigo mpaka stendi. Alitembea hatua kumi mbele yangu njia nzima, na basi lilipofika alimwambia utingo auchukue mzigo mikononi mwangu.