Ulianguka Pakavu

Kiangazi kile Wadachi walipokuwa wakileta reli kutoka Gulwe kuja Dodoma, maji ya Hombolo yalipatikana kwa kuchimba mchanga wa mto tu. Kisima kirefu kuliko vyote alikichimba Matonya, na wenye mifugo walinywesha kwa zamu. Aliyeruka zamu alifukuzwa kisimani msimu mzima.

Shemeji yake Sila, kaka wa mkewe, aliruka zamu. Matonya alikuwa chini akizoa tope, Sila akaswaga ng'ombe wake hadi ukingoni kabla wenzake hawajafika. Ukingo ukaporomoka, fahali akaanguka pamoja na mchanga. Mguu wa Matonya ukavunjika chini ya goti, mfupa ukatoka nje, naye akagaagaa kwenye maji yenye mkojo na kinyesi cha ng'ombe mpaka Sila alipomvuta.

"Shemeji, nifichie," Sila akamwomba, machozi yakimtiririka. "Wakijua, ng'ombe wangu watakufa kwa kiu. Tuseme umeanguka kilimani, pakavu."

"Wazee waambie hivyo," Matonya akasema, meno yamekazana. "Ila Batuli mwambie ukweli."

Batuli alikuwa mwunga mifupa, na alikuwa na sharti lake. Kidonda cha pakavu alikifunga kwa banzi za miti siku hiyohiyo. Kilichoingia maji ya ng'ombe hakukifunga kamwe. Alikiacha wazi, akikiosha kwa maji ya moto yenye chumvi asubuhi na jioni.

Batuli alipofika, nyumba ya Matonya ilikuwa imejaa wazee wa kisima, wasimamizi wa zamu. Sila akatoka na Batuli uani, akarudi, akainama sikioni mwa mgonjwa: "Nimemwambia."

Matonya akamwamini. Kwa nini asimwamini mtu waliyekula naye sahani moja? Mfupa uliporudishwa alizimia. Alipozinduka mguu ulikuwa umefungwa kwa banzi, akajiambia Batuli anajua anachofanya, akanyamaza.

Siku ya nne mguu ulivimba hadi pajani, ngozi ikawa nyeusi, harufu ikawatoa watu nje. Batuli akafungua banzi. Pamoja na usaha yalitoka manyoya mekundu ya ng'ombe.

"Mwanangu, mbona niliambiwa ulianguka pakavu?"

Matonya alimtafuta Sila kwa macho. Sila alikuwa kisimani, ilikuwa zamu yake.

Wakambeba kwa machela hadi bomani, na daktari wa Wadachi akaukata mguu juu ya goti. Alirudi na mkongojo mvua za kwanza ziliponyesha. Sila akaja kumpa pole, kibuyu cha maziwa mikononi. Ng'ombe wake walikuwa wamepona wote.

"Kunywa, shemeji."

"Ulimwambia nini Batuli?"

Sila akatazama chini. "Nilitaka kumwambia. Mzee mmoja akapita."

Mzee akapita! Mguu wa mtu umeoza, na sababu ndiyo hiyo. Matonya aliona heri angesema amesahau.

"Huyo mzee," akauliza, "alipita siku zote nne?"

Sila akamsogezea kibuyu. Matonya akamrudishia kibuyu chake kikiwa kimejaa.