Mistari Minne ya Mahindi

Goti la kushoto la Tumainieli lilikuwa linaamka kabla yake. Saa kumi na moja alfajiri, jogoo wa jirani hajawika hata mara mbili, goti lilishaanza kuuma, na mwenyewe akiwa bado amefumba macho alijua kwamba kumekucha na ndiva inamsubiri. Miaka thelathini na moja alikuwa anaamka saa hiyo. Zamani alikuwa anaruka kitandani. Siku hizi anakaa kwanza ukingoni mwa kitanda, anakanda goti, anamwangalia mkewe Yudith akikoroma, anamwonea wivu kidogo, halafu ndipo anatafuta fimbo.

Ndiva yao iko juu ya kitongoji, pale msitu unapoishia. Ni bwawa walilochimba mababu kwa mikono, nalo hukusanya maji ya kijito usiku kucha. Asubuhi mtu anafungua, maji yanashuka kwenye mfereji mpaka shamba la mwenye zamu, na jioni anafunga ili bwawa lijae tena. Mtu huyo alikuwa Tumainieli, na kabla yake baba yake. Hakuna aliyemlipa. Ukiwa na bahati uliletewa mkungu wa ndizi wakati wa Krismasi.

Mfereji wao ulikuwa na mashamba saba. Zamani zamu zote zilikaa kichwani mwa Tumainieli, na kwenye vijiti saba alivyochomeka kwenye ukuta wa jiko, kila kijiti cha mti wake. Kila asubuhi alihamisha kimoja. Na kulikuwa na jambo ambalo halikuwahi kusemwa kwenye mkutano wowote: zamu ya mtu ikiangukia siku yake ya kusali, kijiti kinarukwa, kinawekwa kesho yake. Hamdani hakupewa maji Ijumaa. Dorkas, ambaye ni Msabato, hakupewa Jumamosi. Walutheri hawakupewa Jumapili. Baba yake alifanya hivyo bila kumweleza sababu, na yeye akaendelea bila kuuliza. Watu walidhani maji yanajipanga yenyewe.

Kisha ikaja ile miaka ya ruksa, kila kitu ruksa. Sabuni na sukari ambazo watu walikuwa wanazifuata Taveta kwa magendo, wakivizia vichakani, sasa zilijaa madukani Hedaru, ila mwenye uwezo wa kuzinunua ndiye hakuonekana. Kahawa ilikosa bei. Shule zikaanza kudai michango. Vijana wakaenda Mererani kuchimba madini, na wengine hawakuandika hata barua. Ukaja pia mradi wa wafadhili, ukaijengea ndiva kuta za saruji, ukaweka mlango wa chuma na kufuli, na ukataka kamati.

Mwenyekiti wa kamati akawa Loth, mtoto wa dada yake Tumainieli, kijana mwenye nguvu na sauti, anayeuza mitumba kwenye minada ya Same na Hedaru. Alikuwa ameokoka huko Same, na tangu aokoke alikuwa na haraka na kila kitu.

"Mjomba, hivi vijiti vyako ni vya kizamani," Loth alisema siku ya mkutano, darasani. "Ukifa leo, tutaviuliza vijiti?"

Watu wakacheka. Tumainieli naye akacheka. Ukweli ni kwamba alikuwa amechoka. Alichoka kuitwa dirishani, alichoka kuulizwa kwa nini fulani kapata leo na si kesho. Kwa hiyo Loth alipotandaza karatasi ya manila na kuuliza majina, aliyeyataja alikuwa Tumainieli mwenyewe, akisinzia, akiyafuata mashamba kutoka juu kwenda chini. Jumatatu wa kwanza, Jumanne wa pili. Shamba la tano ni la Hamdani: Ijumaa. La sita ni la Dorkas: Jumamosi. La saba ni lake: Jumapili. Chini yake Loth akaandika kwa wino mzito: ZAMU HAIHAMISHWI. ASIYEFUNGUA SIKU YAKE AMEPOTEZA. Tumainieli akatia sahihi.

Akiwa njiani kurudi nyumbani ndipo alipokumbuka siku za kusali, akasimama katikati ya njia. Kisha akajiambia atasema kesho. Kesho yake goti lilimuuma, hakusema.

Vuli ile ilinyesha siku nne, ikakata. Kufika Januari mahindi yote ya mfereji ule yalikuwa yanaishi kwa maji ya ndiva.

Hamdani alijitahidi. Ijumaa alifungua mapema, na adhuhuri alimwachia mkewe Saada jembe akaenda msikitini, akirudi anakuta maji yameharibu matuta mawili. Alilalamika, lakini mahindi yalikunywa. Dorkas ndiye aliyekwama. Kwake siku inaanza Ijumaa jua likizama, inakwisha Jumamosi jua likizama, na saa hiyo ndiva imeshafungwa.

Jumamosi ya kwanza alipita chini ya ndiva, amevaa gauni jeupe lililopigwa pasi, amekumbatia Biblia, wajukuu wake wawili wakimfuata nyuma. Baba yao alikuwa mmojawapo wa wale wa Mererani.

"Dada Dorkas," Tumainieli aliita, "leo ni zamu yako."

"Najua, kaka. Habari za asubuhi?"

"Nzuri."

"Haya, sisi tunakwenda kusali."

Akapita. Maji yakajaa mpaka ukingoni, yakaanza kumwagikia korongoni, hayamnufaishi mtu. Jumamosi ya pili ikawa vilevile. Safari hiyo Loth alikuwepo, amesimama juu ya ukuta wa saruji, mikono kiunoni.

"Unaona ukaidi huo, mjomba? Mungu atamkasirikia mtu kwa kumwagilia mahindi? Nimemwonyesha maandiko, hasikii. Basi, acha njaa imfundishe."

"Njaa imfundishe nini?"

"Kwamba amepotea."

Tumainieli akaliangalia shamba la sita. Mahindi yalikuwa yameanza kutoa mbelewele, na majani yamejikunja kama sigara. "Wale watoto nao wamepotea?" aliuliza. Loth akasema hilo ni jambo jingine, akashuka zake.

Wiki nzima Tumainieli hakulala vizuri. Alijiona kama yeye ndiye aliyeyakausha mahindi yale kwa kusinzia kwake. Jumamosi ya tatu alikaa ukutani tangu asubuhi, ufunguo mkononi, akiinuka na kukaa, akiinuka na kukaa. Jua lilipopita utosini akasema, liwalo na liwe. Akafungua, akachukua jembe, akayaelekeza maji mwenyewe mpaka shamba la Dorkas. Mwenyewe yuko kanisani, alijiambia. Hajagusa kitu. Dhambi yake iko wapi?

Alikuwa amenywesha mistari minne, wa tano hajaufikia, aliposikia watoto. Dorkas alikuwa anarudi. Alisimama pembeni ya shamba, viatu vyeupe, akayatazama maji yakinyonywa na udongo. Tumainieli alingoja ashukuriwe. Ndiyo, hilo lazima lisemwe: alingoja kushukuriwa.

"Kaka Tumainieli, nani kakutuma?"

"Hakuna. Nimeona yanakufa."

"Mimi sijaona?"

"Dada, wewe hujashika jembe. Nimeshika mimi."

"Shamba la nani?"

Tumainieli akalaza jembe chini.

"Loth anataka nivunje Sabato yangu kwa nguvu," Dorkas alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Wewe umenivunjia kwa upole, mimi nikiwa naimba kanisani. Yeye angalau aliniambia usoni. Nilijua nitapoteza nini, kaka. Niliwahesabu hata watoto. Nimekaa na hesabu hiyo wiki tatu peke yangu, halafu wewe unakuja na jembe."

"Nikafunge?"

"Ndiva ni yako. Ila hiyo mistari minne sasa ni yako pia. Utaivuna wewe."

Akawashika wajukuu mikono, akaenda. Tumainieli akapanda kufunga, na mlima ule haukuwahi kuwa mrefu kama siku ile.

Nyumbani Yudith alimpa makande. Akayazungusha kwenye sahani.

"Baba Irine, unachezea chakula kama mtoto."

Akamweleza yote. Yudith alisikiliza akichambua maharage, akacheka kwa pua. "Na ungemuuliza tu?"

"Angekataa."

"Ndiyo. Si ndiyo maana watu wanauliza?"

Akatoka na fimbo yake mpaka kwa Hamdani. Hamdani si mzaliwa wa milimani. Alitoka Kigoma, ujana wake wote aliumaliza akikata mkonge kwenye shamba moja la tambarare, akamwoa Saada, wakwe wakampa kipande cha ardhi. Tumainieli naye alikata mkonge pale miaka mitatu, ndipo walipojuana. Alimkuta anaezeka banda la mbuzi.

"Karibu, mzee wa kufuli! Umekuja kunifungia nini leo?"

"Nyamaza wewe. Unakumbuka ile Pasaka?"

Hamdani akaacha nyasi. Anaikumbuka. Mnyapara alitangaza Jumapili ya Pasaka ni kazi, asiyemaliza mistari yake haandikiwi siku. Tumainieli, kijana wa miaka ishirini na miwili, alikuwa amepanga kwenda ibadani, ameazima hadi shati. Jumamosi jioni Hamdani akamfuata kambini.

"Nilitaka kukukatia mistari yako," Hamdani alisema.

"Hukunikatia kwanza. Uliniuliza kwanza."

"Niliuliza nini? Ni siku nyingi, bwana."

"Uliniuliza, nikikukatia, itakuumiza au haitakuumiza?"

Hamdani akajikuna kidevu. "Kwetu kuna mambo mtu akikufanyia hayahesabiki, na mengine yanahesabika. Ningejuaje ya kwenu? Si lazima nikuulize?" Akaokota nyasi tena. "Umekuja kwa ajili ya hilo tu? Shika kamba huku basi, usisimame kama afisa kilimo."

Jumapili asubuhi, kabla jua halijatoka, Tumainieli alisimama mlangoni kwa Dorkas. Mlango haukufunguliwa haraka. Ulipofunguliwa, Dorkas alikuwa amejifunga kanga, amesimama katikati ya mlango, hakumkaribisha ndani.

"Dada, jana nilikukosea."

"Ulinikosea."

"Leo maji ni yangu. Mimi Jumapili nasali, unajua. Nikikupa zamu yangu ya leo, na Jumamosi nikachukua yako, itakuumiza?"

Dorkas akakaza kanga yake. "Na Jumamosi hiyo yangu, nakupa lini? Leo?"

"Leo. Siku ya kazi, si Sabato."

"Haitaniumiza." Kisha akauliza, "Na wewe? Kufungua mlango asubuhi ya ibada, hakukuumizi?"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka thelathini na moja mtu kumuuliza Tumainieli swali hilo. Ikabidi aegemee fimbo. "Mimi nafungua kabla ya kengele ya kwanza," alisema. "Nafikiri Mungu ameshanizoea."

Dorkas hakucheka, lakini alienda kuchukua jembe.

Jioni Loth akaja. Hakusema shikamoo. "Mjomba, umevunja kanuni uliyoitia sahihi mwenyewe. Leo umebadilishana na Msabato, kesho Hamdani atataka, keshokutwa kila mtu na dini yake, tutafika wapi?"

"Pale tulipokuwa."

"Kwenye vijiti?"

Tumainieli akavua kamba shingoni, akamnyooshea ufunguo. "Chukua. Saa kumi na moja alfajiri, kila siku. Na ukae ukijua nani anasali lini, nani kafiwa, nani kafunga. Ukiweza kwa karatasi, sawa. Mimi nimechoka, Loth. Sikutanii, nimechoka kweli."

Loth akautazama ufunguo. Kesho yake ulikuwa mnada wa Hedaru, na mafurushi yake ya mitumba yalikuwa yamefungwa tayari. Akasema kamati itakaa. Haikukaa, na ufunguo ukabaki kwa Tumainieli na vijiti vyake. Karatasi ya manila ilibaki ukutani darasani mpaka mchwa wakaila pembeni, na Loth bado anaamini Dorkas amepotea. Anamwombea, na Dorkas anajua, na hajamkataza.

Mahindi ya shamba la sita hayakupona yote. Yaliyoponea maji ya Jumapili yalimtosha Dorkas na wajukuu miezi michache, kwa kubana.

Siku ya mavuno, Yudith alifungua mlango akakuta kapu. Mahindi makubwa, yamemenywa, yamepangwa vizuri.

"Baba Irine, njoo uone. Hii ni nini?"

Tumainieli akaja akichechemea. Akachuchumaa kwa shida, akashika hindi moja. "Ni mistari minne," alisema.

"Lo! Mrudishie bwana. Wale watoto watakula nini? Kapu zima hili!"

"Siwezi."

"Huwezi nini? Ni hatua hamsini hizo."

"Nikimrudishia," Tumainieli alisema, "nitakuwa nimemfungulia maji mara ya pili."

Yudith akataka kubishana, akaacha. Akaingiza kapu ndani. Jioni akachoma mahindi mawili, wakala karibu na moto. Yalikuwa matamu, na Tumainieli aliyatafuna polepole, punje kwa punje, mpaka gunzi. Kisha akakanda goti lake, akaangalia vijiti saba ukutani, akahamisha kimoja kwa ajili ya kesho, akaenda kulala.